Sufuria Iliyojaza Ritani

Lài alikuwa anaengua povu la supu sufuria iliposema, "Mifupa ya nguruwe, kilo nane, kwa Tám Lượm, risiti hakutoa."

Ilisema kwa sauti ya Lài mwenyewe, ile ya puani kidogo, yenye kukatisha maneno kabla hayajafika mwisho, kama watu wote wa upande wa mfereji wanavyosema. Lài akakung'utia upawa kwenye ndoo.

"Ngoja basi maji yachemke," aliiambia.

Muuza kahawa wa kibanda cha pili akainua shingo kuuliza kama leo figo zipo. Lài akajibu kwamba zipo. "Figo, kilo mbili," ikaongeza sufuria. Muuza kahawa akasema awekewe, akarudi kwenye vichujio vyake.

Soko la Rạch Sậy lilikuwa limeshazoea. Zamani kodi pale ilikuwa ya makadirio. Mwanzoni mwa mwaka afisa alikuja, akasimama mbele ya kibanda, akavitazama viti, akala bakuli moja la tambi, akapangusa mdomo na kutaja kiasi. Ukilalamika alishusha kidogo. Ukilia alishusha tena. Haki haikuwa nyingi, maana afisa aliyenuna alikadiria juu na afisa aliyefurahi alikadiria chini, lakini mtu alilipa, wakamalizana, akarudi kwenye moto wake.

Kisha ikatangazwa kwamba makadirio yamefutwa. Kila mwenye biashara, hata wa kibanda, atasema mwenyewe alichouza, bakuli kwa bakuli, kupitia simu. Wazee wa sokoni walizishika simu zao kama mtu anavyoshika kaa aliye hai. Diệu, muuza samaki, alijaza ukurasa wa kwanza akaletewa wa pili. Akajaza wa pili, akaulizwa samaki wake walivuliwa kwa wavu wa matundu ya ukubwa gani. Alifunga kibanda akaenda kulala, na aliporudi ukurasa ulikuwa bado unamsubiri. Wengine walifunga na hawakurudi. Soko likawa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno. Hapo ofisi ya kodi ya wilaya ikatangaza kwamba imesikia kilio cha wafanyabiashara wadogo, na kwamba kuanzia sasa kila kitu kimerahisishwa.

Urahisi wenyewe ulikuwa stika ya rangi ya fedha, ndogo kama ukucha. Aliyekuja kuibandika alikuwa Khải, kijana wa pale pale sokoni. Mama yake aliuza vitambaa, na Lài alikuwa amemlisha tambi tangu hajajua kushika kijiko. Sasa alivaa shati la ofisi na kitambulisho shingoni.

"Hapa tu, shangazi, ubavuni," alisema Khải akisugua stika kwa kidole gumba. "Haigusi ladha."

"Na mimi nafanya nini?"

"Hufanyi kitu. Mwisho wa mwezi simu itakuuliza swali moja. Je, maelezo yote ni sahihi? Unabonyeza Ndiyo. Umemaliza."

"Kurasa ngapi?"

"Shangazi, nimesema swali moja. Kurasa tumezitupa."

Lài alifurahi kweli. Alimwekea figo nyingi kuliko tambi, akamwambia mama yake alizaa.

Stika ikazama ndani ya alumini taratibu, kama siagi kwenye mkate wa moto, na ilipozama yote sufuria ikaanza kusema. Wiki ile ile mizani ya Diệu ikaanza, na mkasi wa fundi cherehani, na kisu cha muuza miwa. Kila kifaa kilisema kwa sauti ya mwenye nacho. Watu walilalamikia kelele. Wengine waliona aibu kusikia walivyo. Diệu alisema ameishi miaka yote hii bila kuambiwa kwamba ana sauti ya bata. Baada ya hapo wakazoea, kama walivyozoea vipaza sauti vya mtaa, wakawa wanauza na kuongea juu ya sauti zao wenyewe.

Lakini sufuria haikuishia kwenye mifupa na figo. Ilitaja kwamba mwenye biashara ameongeza chumvi kwa kuwa jana ilipungua. Ilitaja kwamba muuza kahawa amekula huku akimtazama mke wa fundi cherehani. Ilitaja kwamba mwenye biashara amekohoa, amelalamika mgongo, ameimba kidogo. Lài aliichukulia kama mkwe mwenye mdomo mrefu. Aliibana mfuniko, nayo ikawa inasema kwa mvuke.

Nyuma ya kibanda, kwenye karai la maji, alikaa Nhàn akiosha vyombo. Alikuja sokoni msimu mmoja wa mafuriko akiwa na mfuko wa plastiki na shingo yenye kovu la mafuta ya moto, akauliza kama kuna kazi. Lài alimpa karai. Hakumuuliza kitu. Kulala alilala kwenye chumba cha Lài, upande wa dirisha, na baada ya muda akawa anacheka, kicheko cha ghafla kama chafya, ambacho wateja walikuja kukipenda. Siku moja wakimenya vitunguu karibu na moto, Nhàn alimsimulia yote bila kuulizwa: mume, mafuta, kijiji, njia aliyopita kutoroka. Lài alimenya vitunguu hadi vikaisha, kisha akaenda kununua vingine ili Nhàn amalizie.

Wakati ule sufuria ilikuwa bado haisemi. Lakini ilikuwepo motoni.

"Mwosha vyombo," ilisema sasa, asubuhi yenye ukungu, wateja wakiwa wamejaa, "Phạm Thị Nhàn, wa kijiji cha Gò Ổi. Ana mume, Quyền, fundi wa injini. Alimtoroka. Analala kwa mwenye biashara, upande wa dirisha."

Lài akaimwagia jagi zima la maji baridi. Supu ikatulia. Wateja wakaendelea kula, maana kila mtu pale alikuwa na kifaa chake nyumbani.

Nhàn alikuwa amesimama na bakuli mkononi, povu likimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Hiyo inakwenda wapi, dada?"

"Ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ya kodi."

Nhàn akafikiri. "Basi si neno. Mimi watanitakia nini?" Akarudi kuchutama karaini. Lakini siku ile hakucheka, na wateja wawili watatu waliuliza kulikoni.

Lài akavua aproni, akaenda ofisini na harufu yake ya vitunguu. Khải alikuwa mezani chini ya feni. Aliposikia shida akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe, kwa heshima, kama mtu anayemwonyesha mgeni picha za arusi. Yote yalikuwepo. Kovu lilikuwepo. Dirisha lilikuwepo.

"Yafute," alisema Lài.

"Siwezi kufuta, shangazi. Ni maelezo ya mlipakodi mwenyewe."

"Mlipakodi gani?"

"Wewe. Sauti ni yako. Sisi hatujaandika hata neno."

"Khải, hebu niambie kama unavyomwambia mtu mjinga. Ili unikate kodi ya bakuli la tambi, unahitaji kujua mume wa mwenzangu anaitwa nani?"

"Mfumo hauulizi, shangazi. Mfumo unapokea tu. Zamani tulikuwa tunauliza, mkalalamika."

"Basi mwisho wa mwezi nitabonyeza Hapana."

Khải akashusha macho. "Hapana ilikuwa kwenye fomu ya zamani."

"Iko wapi?"

"Tuliiondoa. Ilikuwa inawachanganya wazee."

Feni ikazunguka. Mwanamke wa meza ya pili alikuwa anakula fenesi kwenye kopo na kusikiliza.

"Nani mwingine anaona haya?" aliuliza Lài.

Khải akasoma kwenye kioo, midomo ikicheza. Taarifa za wafanyakazi, alieleza, hupelekwa kijijini kwao kuhakikiwa, mtu asije akahesabiwa mara mbili. Zinabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, wananchi wathibitishe.

"Yake imebandikwa?"

"Imeshabandikwa."

"Ibanduliwe sasa hivi. Piga simu."

"Kubandua, anaomba mwenye taarifa. Aende mwenyewe pale kijijini na kitambulisho chake."

"Kitambulisho chake kiko kwa mumewe!"

"Basi mumewe pia anaweza kuomba," alisema Khải, na aliposikia alichokisema uso ukamwiva hadi masikioni. Lakini hakukirudisha. Lài alimtazama yale masikio. Aliyakumbuka yakiwa madogo, yamejaa unga wa mchele.

Ng'ambo ya mfereji palikuwa na ukumbi wa sherehe wa ghorofa, wenye simba wa saruji mlangoni na meza za kutosha mji mzima. Jikoni mwa ukumbi huo alikuwepo Sang, binamu yake Lài, mpishi wa nyama za kuoka. Lài alitoka ofisini akavuka daraja moja kwa moja, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Jambo la kwanza alilolisikia ni kwamba hasikii kitu. Masufuria yalikuwa yamepangwa motoni, makubwa kama mapipa, yanatokota, na hakuna lililosema. Visu vilikata. Mizani ilipima bata mzima ikanyamaza. Lài alisogeza sikio kwenye sufuria moja mpaka joto likamchoma. Ilikuwa inachemka tu. Alikuwa amesahau kwamba supu ina sauti yake.

"Hizi hazijabandikwa?" alimuuliza Sang.

"Walikuja na stika zao," alisema Sang huku anapaka asali bata. "Bosi akawaonyesha ritani yetu ya kodi. Inajaa toroli, dada, mhasibu anaisukuma. Wakafungua mwanzo, wakafungua katikati, wakasema hii ina utaalamu mwingi, wataipitia siku nyingine. Stika wakasema haifai hapa. Siri ya biashara."

"Na mimi sina siri?"

"Wewe una supu."

Lài alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, taratibu, kama maji ya mfereji yanavyopanda ngazi za gati. Lakini alikuwa amekuja kwa shida nyingine. Alimweleza Sang. Sang akamwita meneja, na meneja akasema mwosha vyombo anatakiwa, malipo nusu ya yale ya Lài, hakuna mkataba, hakuna jina kuandikwa popote.

"Hapa hatuandiki watu," alisema meneja kwa fahari kidogo.

Nhàn alihama jioni ile ile. Waliagana darajani, mbali na sufuria, Lài akageuka nyuma mara kwa mara kuhakikisha haiwasikii.

"Na wewe nani atakuoshea?" aliuliza Nhàn.

"Nina mikono."

"Huoshi vizuri. Unaacha mafuta chini ya bakuli."

"Nenda, bwana wee."

Nhàn akacheka kile kicheko chake cha chafya, akaenda na mfuko wake wa plastiki. Lài alirudi na hakusema lolote mbele ya sufuria. Alijifunza kuuma mdomo. Wateja walipouliza yule binti kaenda wapi, alinyoosha mkono hewani kama mtu anayefukuza nzi, na sufuria ikatangaza, "Mwosha vyombo ameacha kazi," ikakomea hapo.

Aliyeharibu alikuwa Sang, na hakukusudia. Wapishi wa ukumbi hawali cha ukumbini. Alivuka asubuhi kunywa supu kama kawaida yake, akaketi, akapuliza kijiko, na kabla Lài hajamziba mdomo akasema, "Mtu wako fundi kweli kweli. Pale kwetu jikoni vyombo vinang'aa."

Kijiko kikabaki hewani. Wote wawili wakaigeukia sufuria.

"Phạm Thị Nhàn," ilisema kwa sauti ya Lài, "yuko ukumbi wa sherehe, ng'ambo ya mfereji, jikoni, kwa Sang."

"Toka," Lài alimwambia binamu yake. "Toka, kamwambie ahame leo hii."

Sang alikwenda mbio. Lakini siku ile ukumbini palikuwa na arusi ya mtoto wa mtu mzito, vyombo vilikuwa milima, na meneja akasema hatoki mtu hadi kesho.

Quyền alifika kabla ya saa sita mchana. Lài hakumtambua, kwa sababu alikuwa amemtarajia mtu mwingine, mwenye macho mekundu labda. Huyu alikuwa na shati lililopigwa pasi na kichane mfukoni. Alibeba kichala cha shokishoki, kama mtu anayekwenda kuwaona wakwe. Alisalimia vizuri. Aliagiza bakuli dogo, akala polepole, akasifu supu, kisha akauliza.

"Dada, samahani. Namtafuta mke wangu. Kijijini wamebandika karatasi kwamba yuko hapa."

"Simjui," alisema Lài.

"Nhàn. Ana alama hapa shingoni."

"Nimekwambia simjui, kaka. Ukishakula, wengine wanasubiri kiti."

"Phạm Thị Nhàn," alisema Lài, lakini midomo yake ilikuwa imefumbwa, meno yameumana hadi taya likauma, "yuko ukumbi wa sherehe, ng'ambo ya mfereji, jikoni, kwa Sang."

Mwanamume yule hakuitazama sufuria. Alimtazama Lài usoni, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Nakushukuru sana, dada. Si wote wana moyo wa kusema."

Akaweka pesa chini ya bakuli, akaacha na shokishoki.

Lài alimrukia. Alimpiga kwa upawa wa supu begani, shati likalowa, na wateja wakasimama wakamshika, wakidhani ni ugomvi wa malipo. Diệu alikuja mbio na kisu cha samaki akiuliza nani, nani. Kufikia wakati Lài alipojinasua, yule mtu alishapita daraja, anatembea tu, hana haraka, anajipangusa bega kwa leso.

Ukumbini muziki ulikuwa unapigwa hadi vioo vinatetemeka. Lài alizunguka nyuma. Sang alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono inatiririka asali.

"Wamekwenda," alisema.

"Wamekwendaje? Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa. Alimwita jina. Hakupiga kelele, dada, hata kidogo. Alifunga bomba. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya vyombo. Nikasema Nhàn, kaa. Akasema nisimfuate na asali hii mikononi, nisije nikachafua nguo za watu wa arusi."

Meneja alitokea kuuliza kelele za nini. Lài akamwambia, mtu wako amechukuliwa, toa gari, piga simu. Meneja akasikiliza hadi mwisho, akarekebisha ua la kwenye koti.

"Mama, hapa hajawahi kufanya kazi mtu wa jina hilo," alisema. Kwa maandishi ilikuwa kweli.

Kituo cha polisi kilikuwa karibu. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima, si mkali, akampa Lài kiti na maji. Aliuliza ushahidi uko wapi kwamba huyo mwanamke alikuwepo mjini. Ukumbi unasema hapana. Kitambulisho hana. Lài akasema ushahidi uko kwenye sufuria yake, na ofisi ya kodi wanao wote, na jina la mume, na kijiji, na njia, hata dirisha wanalo.

Askari akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hiyo siwezi kuigusa, mama. Taarifa za mlipakodi ni siri. Zinalindwa na sheria."

"Zimebandikwa ubaoni, afande. Zimepigiliwa misumari."

"Kwa ajili ya uhakiki, ndiyo. Kwa ajili ya upelelezi, hapana." Akaongeza kwamba mume kumchukua mke wake, kwa vyovyote vile, ni jambo la nyumbani. Akamsindikiza hadi mlangoni kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na ngazi zinateleza.

Lài alirudi sokoni amelowa. Alizima moto, akamwaga supu yote mferejini, akachukua nyundo ya kuvunjia mifupa, akaipiga sufuria ubavuni.

"Sufuria, mbonyeo mmoja, umefanywa na mwenye biashara," ilisema.

Akapiga tena. Ikataja wa pili. Alipiga hadi mkono ukafa ganzi, na kila pigo liliandikwa, kwa sauti yake, bila chuki. Diệu akaja akamshika kiuno kwa nyuma.

"Acha, mwenzangu. Fundi cherehani aliutupa mkasi wake kwenye mfereji. Sasa maji yakipungua tu, pale kwenye gati mfereji unasema habari za mapindo ya suruali."

Lài akaketi chini kwenye maji ya samaki. Hakulia. Alisema mambo kuhusu ofisi ya kodi ambayo Diệu, mtu wa sokoni tangu kuzaliwa, hakuwahi kuyasikia yakiwekwa pamoja kwa mpangilio ule, na sufuria ikayapeleka yote kama yalivyo.

Mwisho wa mwezi simu ikauliza kama maelezo yote ni sahihi. Lài akaigeuza kifudifudi mezani. Ikauliza kesho yake, na kesho kutwa. Wilaya ilikuwa inangojea kutangazwa ya kwanza mkoani kwa kupokea ritani zote bila kukosa hata moja, na ritani iliyokosekana ilikuwa ya kibanda kimoja cha tambi. Ndipo Khải akaja. Hakuja na kitambulisho shingoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki alichokalia utotoni, magoti yakimfika kifuani.

"Shangazi, bonyeza tu. Ni swali moja."

"Kwanza sikiliza." Lài aliiinamia sufuria. "Nhàn alikwenda wapi?"

"Phạm Thị Nhàn," ilisema sufuria, "alichukuliwa na mumewe, Quyền, ambaye alisoma ubaoni. Alikunja aproni. Tangu siku hiyo Gò Ổi hakuna aliyemwona nje ya nyumba. Muuza chumvi amepita pale akauliza. Ameambiwa ni mgonjwa."

Khải alitazama mikono yake.

"Ofisini mnayasikia haya?"

"Tunayasikia, shangazi. Kila asubuhi. Na hilo la muuza chumvi."

"Halafu?"

"Yanaingia kwenye fungu la mengineyo."

"Mengineyo."

"Mimi nabandika tu, shangazi. Wallahi mimi..."

"Usiniapie hapa. Nilikulisha, Khải. Mama yako alipolazwa nilikulisha mchana na jioni, ukitapika nakufuta. Ningejua, ningemlisha mbwa, mbwa angebweka yule mtu alipokuja."

Kijana akaanza kulia, kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye tambi. Lài alimwacha alie. Hakumpa leso. Alipomaliza akamsukumia simu.

"Bonyeza wewe."

"Si inatakiwa kidole chako?"

"Sauti ilikuwa yangu? Mliposema ni yangu mlihakiki? Bonyeza."

Khải akabonyeza. Simu haikujali ni kidole cha nani. Ikaonyesha ua la njano na maneno ya pongezi. Wilaya ikawa ya kwanza mkoani, na ofisini wakaongezewa kiyoyozi.

Muuza chumvi aliendelea kupita Gò Ổi na kuleta habari ile ile. Baadaye akasema nyumba imefungwa, majirani hawajui, au wanajua. Lài aliosha vyombo vyake mwenyewe, na kweli aliacha mafuta chini ya bakuli, na wateja hawakusema kitu.

Msimu wa mafuriko uliporudi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya kibanda na kikapu kidogo. Alikuwa kijana, amefunga kitambaa hadi chini ya macho, anatazama nyuma kila pikipiki ilipopita. Akafungua mdomo.

"Dada, shikamoo, mimi naitwa..."

Lài alimziba mdomo kwa kiganja. Akamshika mkono, akamburura katikati ya soko, wakapita mizani na visu na mikasi, hadi katikati ya daraja, mahali ambapo palikuwa na upepo tu.

"Kazi ipo," alimwambia. "Karai liko nyuma. Kulala utalala kwangu. Lakini usiniambie jina lako. Usiniambie kwenu wala umetoka kwa nani. Usinisimulie kitu, hata siku moja, hata ukiona tumezoeana. Umenielewa?"

Mwanamke akaitikia kwa kichwa.

"Na kitambaa usivue. Mimi nikiona, itaona."

Sufuria ilitaja kila asubuhi, "Mwosha vyombo, mmoja, jina halijulikani," na kila mwezi ilikuja faini ya maelezo pungufu. Lài aliilipa. Hakwenda kubishana. Mwanamke yule alikuwa mchapakazi. Waliketi wamepeana migongo, mmoja kwenye moto, mwingine kwenye maji, na wakila walikula bila kuongea, kama wasafiri wasiojuana.

Asubuhi moja, supu ikichemka, Lài alisikia nyuma yake vyombo vimenyamaza. Kisha akasikia kwikwi, ya mtu anayejizuia na kushindwa. Akageuka nusu. Mabega ya yule mwanamke yalikuwa yanatikisika juu ya karai. Lài alishika upawa kwa mikono miwili. Sufuria ilikuwa kimya, inangoja.

Hakumuuliza.